Taa ya LED kwenye swichi ya mguu: kwa nini kinanda kiligoma

Swali: Mtaalamu, salaam. Napiga kinanda kanisani. Nimejitengenezea swichi ya mguu kwenye boksi la chuma: kitufe cha kubonyeza na kuachia chenye miguu miwili, waya wa mita tatu na plagi nene ya mono. Inaendesha sustain (noti kuendelea kulia baada ya kuachia vidole) vizuri, na siku nyingine naipangia kazi ya kuanzisha na kusimamisha mdundo. Jukwaani kuna giza, nikataka LED inionyeshe kwamba nimekanyaga sawasawa. Nimeiunga kwa mfuatano na kitufe, kinanda kikaacha kabisa kuusikia mguu. Nimeiunga sambamba, ikawaka hafifu muda wote, inazimika nikikanyaga, na noti zinaning'inia zenyewe. LED ni nzima, nimeipima. Nakosea wapi?

Jibu: Salaam, ndugu. LED yako nzima, kinanda kizima, na inaelekea hata kulehemu umelehemu vizuri. Umevifanya vigombanie umeme usiowatosha wawili. Waya wa swichi ya mguu haubebi umeme wa kuwasha kitu. Unabeba habari tu.

Ndani ya kinanda, ncha ya jeki ya pedali imefungwa kwenye volti 5, au 3.3 kwa vyombo vingi vya siku hizi, kupitia resista (kizuizi cha mkondo) kubwa, kwa kawaida 10k (omu 10,000) au zaidi. Ganda la jeki liko kwenye ardhi ya sakiti. Kinanda kinachungulia volti iliyopo kwenye ncha, basi. Ikiwa juu, mguu haupo. Ikishuka karibu na sifuri, mguu upo. Unapokanyaga, kitufe kinagusanisha ncha na ganda, na mkondo unaopita ni volti 5 kugawa kwa omu 10,000, yaani nusu miliampia. Kwa 3.3V ni theluthi ya miliampia. LED ya kawaida inataka mA 1 hadi 2 ndipo ionekane vizuri hata gizani.

Uhaba huo wa mkondo ndio uliofanya taa iwe hafifu. Kilichokigomesha kinanda ni kingine: LED haishushi volti hadi sifuri. LED nyekundu ikipitisha mkondo mdogo hubakiza takriban 1.7V kati ya miguu yake miwili. Ya bluu au nyeupe hubakiza zaidi ya 2.5V. Chipu nyingi za aina ya CMOS husema "chini" pale volti inapokuwa pungufu ya asilimia 30 ya umeme wake, na "juu" pale inapozidi asilimia 70. Kwa sakiti ya 5V hiyo ni chini ya 1.5V na juu ya 3.5V. Kati ya hapo hakuna ahadi yoyote, na chipu nyingi hubaki na jibu la mwisho zililokuwa nalo.

Sasa tazama majaribio yako mawili. Kwa mfuatano, ncha ilikuwa 5V. Ukakanyaga, ikashuka hadi 1.7V ikakwama hapo. Chipu ilikuwa inaamini "juu", ikaendelea kuamini hivyo, ndiyo maana mguu haukusikika. Kwa sambamba, ukikanyaga kitufe kinaishusha ncha hadi sifuri na kuinyima LED umeme, kwa hiyo taa inazimika. Ukiachia, ncha inapanda hadi 1.7V na kuzuiwa na LED isipande zaidi. Chipu ilikuwa inaamini "chini", ikabaki hapo hapo, na noti zikaning'inia. Ni 1.7V ile ile, ila imefikiwa kutoka pande mbili. Kubadili resista au kutafuta LED inayong'aa zaidi hakutakusaidia, kwa sababu tatizo liko kwenye volti ya LED yenyewe.

Pengine umewahi kuona pedali ya ampu ya gitaa yenye LED na haina betri, ukajiuliza wao wamewezaje. Ampu ya aina hiyo imeundwa tangu mwanzo itume miliampia kadhaa kwenye waya wa pedali, na sakiti yake inategemea kukuta LED mle. Jeki ya pedali ya kinanda haikuundwa hivyo.

Kwa hiyo LED ipewe umeme wake yenyewe, na umeme huo usipate njia ya kuingia kwenye ncha ya plagi. Kazi yote iliyobaki ni namna ya kutimiza hayo mawili kwa kitufe ulichonacho au utakachonunua.

Pima kabla ya kulehemu

Chukua multimita. Chomeka waya wenye ncha wazi kwenye jeki ya kinanda, kiwashe, pima volti za DC kati ya ncha na ganda, mdomo mwekundu kwenye ncha. Ukipata kati ya 3 na 5 na alama ya kutoa haipo, uko kwenye hali ya kawaida niliyoieleza. Kisha hamishia multimita kwenye miliampia na ugusishe ncha na ganda kupitia multimita yenyewe. Kwa kinanda hiyo ni sawa na kukanyaga, haina madhara. Ukisoma chini ya mA 1, hesabu zote zinazofuata zinakuhusu. Rudisha mdomo mwekundu kwenye tundu la volti mara moja baada ya hapo. Multimita iliyosahauliwa kwenye ampia imeunguza fyuzi nyingi.

Ukiwa na chombo kingine siku nyingine, hasa ampu ya zamani, pima pia volti za AC kwenye jeki hiyo huku gitaa likipigwa. Kuna ampu ambazo swichi ya mguu huzima rivabu (athari ya mwangwi) kwa kuitupa sauti yenyewe kwenye ardhi. Pale waya umebeba sauti, na njia ya dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu) nitakayoieleza hapa chini itaikwaruza. Kwa ampu kama hizo tumia swichi ya miguu sita tu, nayo nitaieleza baadaye.

Jambo la pili la kupima ni kitufe chako. Weka multimita kwenye mlio. Ukiwa umekiachia kisilie, ukikanyaga kilie: hicho ni kitufe kilicho wazi wakati wa mapumziko, na dalili zako zinaonyesha ndicho ulichonacho. Vipo vilivyo kinyume, vinavyolia wakati wa mapumziko na kunyamaza vikikanyagwa. Pedali ya Yamaha FC5 ni ya namna hiyo, na BOSS wameiwekea FS-5U kiswichi cha kugeuza kati ya hali hizo mbili. Vinanda vingi huitazama pedali pale vinapowashwa na kuichukulia hali hiyo kuwa ndiyo mapumziko. Kwa hiyo usiwashe kinanda huku mguu ukiwa juu ya swichi, la sivyo kila kitu kitakwenda kinyume hadi ukizime na kukiwasha tena.

Njia inayokufaa: dayodi moja, resista moja, betri moja

Kitufe chako cha miguu miwili kinabaki. Unahitaji dayodi ya 1N4148, resista ya 3.3k ya robo wati, LED nyekundu ya milimita 5, betri ya 9V na klipu yake. Dayodi hiyo ni ile ndogo ya kioo chenye rangi ya chungwa na mstari mweusi. Iko karibu kwenye kila bodi ya redio au DVD iliyokufa. Ukinunua, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi, nunua hata kumi, maana ni vitu vya bei ya karanga na huvunjika ukikunja mguu wake karibu mno na kioo.

Uunganishaji ni huu. Waya wa ncha ya plagi hauendi tena kwenye kitufe moja kwa moja. Unaingia kwenye upande wa dayodi usio na mstari. Upande wenye mstari unakwenda kwenye mguu wa kwanza wa kitufe. Mguu wa pili wa kitufe unapokea waya wa ganda, yaani ule wa nje uliosukwa, pamoja na waya mweusi wa betri. Waya mwekundu wa betri unaingia kwenye resista ya 3.3k, resista kwenye mguu mrefu wa LED, na mguu mfupi wa LED unarudi kwenye mguu ule ule wa kwanza wa kitufe, pale dayodi ilipoishia. Yaani mguu wa kwanza una wageni wawili, dayodi na LED, na mguu wa pili nao una wawili, ganda na hasi ya betri.

Ukikanyaga, kitufe kinafungua njia mbili kwa pamoja. Mkondo wa betri unapita kwenye resista, LED na kitufe kisha unarudi kwenye betri. Hautoki nje ya boksi, haugusi waya wa mita tatu. Mkondo mdogo wa kinanda nao unashuka kupitia dayodi hadi kwenye ganda. Ukiachia, sehemu ile wanapokutana dayodi na LED inapanda kuelekea 9V, lakini dayodi imegeuziwa mgongo upande huo, kwa hiyo hakuna kinachoingia kinandani.

Hesabu ya resista: 9 toa 2 za LED ni 7, gawa kwa 3,300, unapata mA 2.1. Inatosha kabisa jukwaani penye giza. Ukumbini penye mwanga weka 1k upate mA 7. Wengi hukimbilia resista ndogo mno, kisha LED ile nyeupe ya kisasa inawachoma macho ibada nzima. Betri ya 9V ya alkali ina takriban 500 mAh, na taa inakula tu mguu ukiwa chini, kwa hiyo kwa mA 2 una kama saa 250 za kukanyaga. Betri itazeeka kabla haijaisha. Swichi ya kuzimia betri haihitajiki.

Sasa upungufu wake, maana upo. Dayodi nayo ina volti yake, takriban 0.6V kwa mkondo huu, kwa hiyo ukikanyaga ncha inashuka hadi 0.6 wala si sifuri. Kwa kinanda cha 5V mpaka ni 1.5V, uko salama sana. Kwa cha 3.3V mpaka uko karibu na 1V. Bado inafanya kazi, ila nafasi iliyobaki ni ndogo. Kama kipimo chako kimeonyesha 3.3V, tafuta dayodi ya Schottky ndogo kama BAT85, ambayo hushuka hadi karibu 0.3V. Usiweke Schottky kubwa za kwenye chaja kama 1N5817 kwa sababu tu ndizo ulizonazo: zinavuja mkondo mwingi zikigeuziwa mgongo, na joto likipanda huvuja zaidi, wakati hapa tunapima mikondo midogo ambayo uvujaji wa namna hiyo unaweza kuisogeza.

Jambo zuri la njia hii ni kwamba betri ikifa katikati ya wimbo, unapoteza taa tu. Kinanda kinaendelea kuusikia mguu.

Hakikisha kabla ya kuchomeka

Usichomeke kinandani mpaka umepima plagi ikiwa peke yake. Betri ikiwa ndani na kitufe kimeachiwa, lehemu kwa muda resista ya 10k kati ya ncha na ganda, kisha pima volti hapo. Isome sifuri. Bila ile 10k multimita inaweza kukuonyesha sehemu ya volti kutokana na uvujaji mdogo sana wa dayodi, ukatishika bure. Ukisoma volti kadhaa hata baada ya kuweka 10k, dayodi umeigeuza au imekufa. Dayodi iliyogeuka ina dalili yake: taa inawaka vizuri ukikanyaga, lakini kinanda hakijibu. Ile 3.3k itabana mkondo usifikie hata mA 1, kwa hiyo hakuna uwezekano mkubwa kwamba umeunguza kitu, ila rekebisha kwanza.

Kama wazo la 9V kukaa jirani na kinanda cha gharama linakunyima usingizi, tumia betri mbili za AA, 3V kwa jumla, na resista ya 560. Hata ukikosea, volti ya juu kabisa ndani ya boksi haiizidi ya kinanda. Ni LED nyekundu tu itakayokubali mpango huu. Bluu na nyeupe zinataka karibu 3V zenyewe na zitaanza kufifia betri zikichoka kidogo.

Na tafadhali usiweke chaja ya simu badala ya betri kwenye njia hii ya dayodi. Hasi ya chaja itaungana na ardhi ya kinanda, na chaja za bei rahisi huleta mvumo kwenye spika kupitia njia hiyo. Ukilazimika kutumia adapta, nenda kwenye njia inayofuata.

Swichi ya miguu sita

Hii ndiyo safi kuliko zote. Swichi yenye miguu sita ni swichi mbili ndani ya mwili mmoja, zinazokanyagwa pamoja bila kugusana. Safu moja ya miguu mitatu unaipa kinanda, safu ya pili unaipa LED na betri yake. Hakuna waya unaounganisha pande hizo mbili, hakuna dayodi, hakuna cha kuvuja, na inafaa kwa chombo chochote: kinanda, luupa (chombo cha kurudiarudia kipande cha sauti), hata ampu ile inayopitisha sauti kwenye pedali. Chombo chako kikiwa cha aina ya kinyume, safu ya kinanda unatumia mguu wa kati na ule unaogusana wakati wa mapumziko, na safu ya LED unatumia mguu wa kati na ule unaogusana ukikanyaga. Taa itawaka kwa mguu daima.

Shida yake ni kuipata. Zilizojaa madukani ni zile za pedali za gitaa zenye miguu tisa, na zile za miguu sita zinazobaki zimebonyea: ukikanyaga mara moja inashika, ukikanyaga tena inaachia. Kwa macho zinafanana kabisa na za kuachia. Kwenye mfuko zote huandikwa DPDT (yaani swichi mbili za njia mbili mbili), kwa hiyo maandishi hayo peke yake hayakuambii kitu. Pima kwa mlio dukani kabla ya kulipa. Kwa kawaida ile inayoshika hutoa mlio mkavu wa "tak" na ya kuachia hukanyagika kimya, lakini usitegemee sikio wakati multimita iko mfukoni.

Ukiikosa, tafuta swichi ndogo mbili za ulimi zenye miguu mitatu, zile zenye matundu mawili ya skrubu ubavuni. Zikae ubavu kwa ubavu, pitisha bolti mbili nyembamba kwenye matundu yote, kisha kibati kimoja kikanyage ndimi zote mbili kwa wakati mmoja. Tayari una miguu sita. Hakikisha kibati kinagota kwenye kitu kigumu, mpira au kipande cha mbao, kabla ndimi hazijafika mwisho wake. Uzito wa mtu ukitua wote kwenye ulimi wa plastiki hautachukua mwezi. Hizi usizitoe kwenye mlango wa oveni ya maikrowevu hata kama unajua zimo. Kapasita iliyo ndani yake huweza kubaki na umeme wa kuua hata oveni ikiwa haijachomekwa.

Kwa chombo cha aina ya kinyume kuna njia fupi zaidi, na swichi ya miguu mitatu inatosha bila dayodi. Mguu wa kati upokee ganda na hasi ya betri. Mguu unaogusana wakati wa mapumziko upokee ncha. Mguu wa tatu upokee mguu mfupi wa LED. Ukikanyaga, ncha inaachwa wazi na taa inawaka. Chanya ya betri na ncha ya kinanda hazikutani hata mara moja.

Kuhusu optokapla

Utasikia mafundi wakishauri PC817, ile chipu ya miguu minne iliyo kwenye chaja nyingi, inayopitisha ishara kwa mwanga bila waya kugusana. Inafanya kazi: kitufe kinawasha LED yako na ile ya ndani ya PC817 kwa mfuatano kutoka 9V kupitia resista ya 1k, halafu mguu wa 4 unakwenda kwenye ncha na wa 3 kwenye ganda. Kinanda kinatengana kabisa na betri, na volti inashuka hadi sehemu ndogo ya volti moja. Mimi siipendekezi kwa mtu anayepiga ibadani au harusini, kwa sababu moja tu: betri ikifa, pedali nzima imekufa. Taa ya kuonyesha haipaswi kuwa na uwezo wa kukuzimia sustain.

Mahali pa kuweka taa, na kulehemu

Taa isiwekwe kati ya kitufe na mguu wako. Iweke upande wa mbele, ule wa vidole vinakoelekea, milimita 30 hadi 40 kutoka kitufe, na ikiwezekana pembeni kidogo, ili soli ya kiatu isiifunike wakati ule ule unaotaka kuiona. LED ya milimita 5 inapita kwenye tundu la milimita 5 ikibana kidogo. Ukitumia kishikilio cha chuma pima kwanza, vingi vinataka 8. Toboa kwa ncha ndogo ya 3 kwanza, na utoe vumbi lote la chuma kabla ya kuweka chochote ndani. Chembe moja ya chuma kati ya miguu ya kitufe ni sustain isiyokoma.

Miguu ya LED ivalishe mpira wa kusinyaa au angalau tepu nyeusi, kila mmoja peke yake, maana boksi ni la chuma na kila kitu kilicho uchi kitatafuta kuligusa. Ukitumia LED ya kuokota yenye miguu iliyokatwa sawa, weka multimita kwenye alama ya dayodi: ikiwaka kidogo, mdomo mwekundu uko upande chanya. Kwenye kitufe usikae na pasi ya kulehemu zaidi ya sekunde tatu kwa mguu mmoja. Plastiki inayoshika miguu ikilainika, mguu unasogea ndani na kitufe kinaanza kushika leo na kukataa kesho. Betri ifungwe kwa sponji au mkanda isicheze. Boksi hilo litapigwa teke kila wiki.

Ukitaka taa ibaki imewaka

Hapa narudi kwenye ile kazi ya kuanzisha mdundo. Taa niliyoeleza inasema jambo moja: mguu uko chini. Haisemi kwamba mdundo unacheza. Kwa sustain ni sahihi kabisa, kwa sababu mguu na sauti vinakwenda pamoja. Kwa kuanzisha na kusimamisha, kinanda ndicho kinachokumbuka hali, na pedali haina njia ya kukiuliza.

Unaweza kuipa pedali kumbukumbu yake kwa chipu ya CD4013, inayogeuka kila inapopata mpigo mmoja. Unahitaji swichi ya miguu sita, safu moja ikibaki ya kinanda. Safu ya pili iunge ardhi ya betri na mlango wa chipu ya CD40106 (inayonoa ukingo wa mpigo), mguu wa 1, kupitia resista ya 1k. Mguu huo huo wa 1 upewe resista ya 100k kwenda chanya na kapasita ya 100nF kwenda ardhi. Mguu wa 2 wa 40106 uende mguu wa 3 wa 4013. Kwenye 4013 unganisha 2 na 5, ardhi iwe 7, chanya 14, na 6 pamoja na 8, 9, 10 na 11 zote ziende ardhi. Mguu wa 4 upewe 100k kwenda ardhi na 100nF kwenda chanya, ili taa ianze ikiwa imezimika kila unapowasha. LED itoke mguu wa 1 kupitia 4.7k hadi ardhi. Kwenye 40106 chanya ni 14 na ardhi ni 7, na milango yake isiyotumika, yaani 3, 5, 9, 11 na 13, iende ardhi. Ikiachwa hewani itacheza yenyewe na kula betri.

Usiruke ile 40106 ukaunga kapasita moja kwa moja kwenye 4013. Vyuma vya swichi vinapogusana hudunda mara kadhaa ndani ya milisekunde chache. 100k na 100nF zinafuta midundo hiyo, lakini zinaacha ukingo mlegevu ambao 4013 haiupendi. Inaweza kugeuka mara mbili kwa kukanyaga kumoja, na utabaki ukidhani swichi ni mbovu. Kwa sakiti hii betri inahitaji swichi ya kuzimia.

Hata hivyo taa hii itakudanganya siku moja. Ukisimamisha mdundo kwa kitufe cha kwenye kinanda, au wimbo ukajimaliza wenyewe, kinanda kimebadilika na pedali haijui. Kuanzia hapo taa inasema kinyume. Ndiyo maana weka kitufe kidogo pembeni kati ya chanya na mguu wa 4 wa 4013. Ukikibonyeza taa inazimika bila kinanda kupokea chochote, na mnakuwa sawa tena. Kwa matumizi yako ya ibadani ningeiacha taa ya mguu tu, na kwa mdundo ningetazama taa ya kwenye kinanda chenyewe.